Siku Niliyowakalisha Wakwe Macho kwa Macho

Juzi alinijia nyumbani hapa Ilongero binti mmoja aliyepangiwa kata ya jirani, afisa maendeleo ya jamii, ajira mpya, viatu bado vinang'aa. Alinipa shikamoo akiwa bado nje ya uzio, nikampenda hapo hapo. Nikampa kigoda na kikombe cha uji wa uwele, akanywa kidogo, kisha akaanza kunieleza yaliyomsibu. Ameendesha mkutano mzuri, anasema. Watu walijaa, waliongea vizuri, wote wakakubali. Na sasa wiki ya tatu inakatika, hakuna hata mmoja aliyefanya alichokubali.

"Bibi," akaniuliza, "hivi wale watu ni wanafiki?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikaona simtendei haki, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi, nikiwa na umri kama wake na kiburi kumzidi. Jibu nililompa lilikuwa refu, lilizunguka huku na huku, uji ukapoa, na nadhani aliondoka na nusu yake tu. Nusu iliyobaki nimeamua kuiandika, iwe yake na yenu wote mnaoitwa wawezeshaji siku hizi. Sisi tuliitwa mabibi maendeleo, na kwa kweli jina hilo nililipenda zaidi.

Niseme mapema kwamba mimi naongea sana. Nimezaliwa Misigiri, kwenye nyumba ya wasichana sita, na asiyepaza sauti alikosa mboga. Miaka yangu ya kwanza kazini niliendesha mikutano ambayo robo tatu ya maneno yalitoka mdomoni mwangu, kisha nikaandika kwenye taarifa kwamba wananchi walishiriki kikamilifu. Walishiriki kunisikiliza, maskini, tena juani.

Mkutano wangu wa kwanza mbali na ofisi ulikuwa Itigi, na wafuga nyuki pamoja na akina mama wachuuzi. Nilijiandaa siku nne. Nilikuwa na bango kitita, yale makaratasi makubwa yanayoning'inizwa kwenye mbao za miguu mitatu, na kalamu za rangi tano. Nikapanga saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba siku ile treni ilikuwa inapita. Nilikuwa kwenye karatasi ya pili honi ilipolia. Ukumbi mzima ulisimama, huyu akashika chupa zake za asali, yule sinia lake la karanga, wakatoka mbio. Nikabaki na mwenyekiti, na yeye alibaki kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua.

"Endelea tu, Bibi Maendeleo," akaniambia kwa huruma. "Mimi nakusikiliza."

Tangu siku hiyo, kabla sijapanga saa ya mkutano nauliza kwanza watu huwa wanafanya nini saa hiyo. Mnada ni siku gani, kisima kinafunguliwa saa ngapi, kuna msiba nyumba ya nani. Wengi wenu mnaanza na ajenda. Anzeni na hayo, ajenda itangoja.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mkuu wangu wa idara. Alikuwa dereva, Mzee Rajabu, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa Singida mjini ambaye hakuweza kukaa dukani, akaishia kuendesha gari la ofisi. Kila mkutano wangu yeye alikaa nje na gari, boneti limefunguliwa hata kama gari halina tatizo. Watu wakimwona mtu ameinama kwenye injini wanamsogelea. Wanashika huku, wanauliza kule, na wakishaegemea gari wanasema yale ambayo ndani hawakuyasema. Njiani kurudi alikuwa ananisomea mkutano wangu upya, na mara nyingi wake na wangu haikufanana.

Kuna siku nilimlalamikia kwamba nikiuliza swali watu wananyamaza, basi inabidi nijibu mwenyewe. Akacheka.

"Mwanangu, wewe hungoji," akasema. "Ukishauliza, funika hiyo kalamu yako. Usiifunue mpaka mtu mwingine aseme. Hata kama kalamu itakauka."

Ni ushauri mdogo, na ndio uliokuwa mgumu kuliko yote niliyofundishwa. Jaribuni. Ulizeni swali, funikeni kalamu, mkae. Sekunde kumi za kimya mbele ya watu arobaini ni ndefu. Utatamani kukohoa, utatamani kutoa mfano, utatamani kurudia swali kwa maneno mengine. Usirudie. Mtu anayefikiri ukimrudishia swali unamrudisha alikoanza.

Nikiwa nimeshika kasi namna hii, niwape na lile la wasemaji. Kila mkutano una mtu mmoja anayejibu kila kitu. Usimkaripie, utamfanya shujaa. Mpe kazi ya kuandika kwenye karatasi wanachosema wenzake. Kwetu Misigiri nilimpa kazi hiyo mama mmoja aliyekuwa anatumaliza, naye aliandika kwa juhudi mpaka akasahau kusema. Mwisho wa mkutano akanishukuru kwa cheo.

Sasa nije kwenye kosa langu, lile la kweli, maana haya mengine yalikuwa ya kuchekesha tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kazini. Tulipelekwa semina, siku tano, ya mbinu shirikishi. Mkufunzi alikuwa kijana mzuri kutoka mbali, mwenye kujua kazi yake, na jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa ukaaji. Viti visipangwe kwa mistari, alisema, kwa sababu mistari inatengeneza mkubwa na mdogo. Watu wakae duara, kila mtu amwone kila mtu usoni, ndipo wote wanakuwa sawa. Niliipenda sana hiyo duara. Niliporudi nilipanga duara hata kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu.

Wiki mbili baadaye nikatumwa kijiji kimoja si mbali na hapa. Sikitaji, watu wake wapo na wengine mtawahudumia ninyi. Lambo lao la zamani, lililokauka miaka mingi, lilikuwa limechimbwa upya na kujaa maji. Tatizo, ng'ombe hawakuwa na njia ya kulifikia. Pande zote mashamba, alizeti na uwele. Kila jioni ugomvi, na mtu mmoja alikuwa ameshapasuliwa kichwa kwa fimbo. Msidhani huku kwetu wakulima ni hawa na wafugaji ni wale. Mtu huyo huyo asubuhi anafukuza ng'ombe wa jirani, na mchana wa kwake wanafukuzwa. Kwa hiyo kijiji kiliamua itengwe njia ya mifugo, na mimi niiongoze kamati yao kukubaliana ipite wapi. Kamati ikikubali, vigingi vinapigwa, kisha mkutano mkuu wa kijiji unapitisha.

Shule ilikuwa imefungwa, tukapewa darasa. Nikatoa madawati nje, nikapanga viti na mabenchi duara nzuri ambayo yule mkufunzi angeipiga picha. Watu walipoingia walisitasita mlangoni. Wanawake walitaka kukaa upande mmoja, nikawakatalia kwa utani. "Leo hakuna kujificha," nikasema, nikawashika mkono mmoja mmoja na kuwapangia. Nilimkalisha mjane mmoja aliyeitwa Mama Naomi karibu na ubao. Nilimkalisha kijana wa makamo aliyeitwa Daudi karibu na mlango, akatazamana na Mama Naomi moja kwa moja. Daudi alikuwa amemuoa huyo Naomi. Nilijua, kwa sababu waliniambia majina na nyumba zao wakati wa kujitambulisha, na bado sikuwahamisha.

Na hapa ndipo bado naona aibu. Ningekuwa mgeni kutoka pwani ningejitetea. Mimi ni Mnyiramba wa Misigiri. Kaka yangu mkubwa akimwona mama mkwe wake anakuja njiani alikuwa anaingia shambani, hata kama shamba lina matope, mpaka apite. Mkwe huli naye, humshiki mkono, hutazamani naye, na mbele yake hupazi sauti. Hiyo ni heshima, na kwa nyumba za namna ile haina mjadala. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Siku tano za semina zikaniondolea akili za nyumbani.

Mkutano ulikwenda laini ajabu. Mzee Njiku, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alihamia kijijini akiwa mtu mzima na alikuwa mtu wa kusema waziwazi. Akasimama, akachora kwa chaki sakafuni njia iliyonyooka kutoka barabarani hadi lambo.

"Ng'ombe wana kiu," akasema. "Njia fupi ndiyo njia."

Ile njia fupi ilipita katikati ya shamba la Daudi. Hakuwa na jingine. Nikamgeukia, nikamuuliza anasemaje. Akatazama dari. Nikauliza watu wote, kuna anayepinga? Kimya. Nikauliza mara ya pili, kuna anayepinga? Nikafunika kalamu na kungoja, kama nilivyofundishwa, nikajiona bingwa. Kimya kikaendelea. Basi nikafunua kalamu nikaandika: wajumbe wote wameafiki.

Njiani kurudi Mzee Rajabu hakunisifu kama nilivyotarajia.

"Yule wa shati la kijani," akasema. "Amepoteza shamba, na hakufungua kinywa. Hilo halikusumbui?"

"Amekubali, mzee."

"Alitoka akaja kuegemea gari. Nimemuuliza habari za mkutano, akaniuliza habari za tairi."

Nilimwambia labda kijana amechoka. Nilikuwa nataka kufika nyumbani.

Siku tisa baadaye Naomi alikuja ofisini Singida mjini kwa bodaboda, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Vigingi vilikuwa vimepigwa, na kimoja kilikuwa hatua nne kutoka jikoni kwake. Alinisalimia kwa adabu zote, akakataa kiti.

"Mama, mkutano mkuu ukipitisha, sisi tunalima wapi?" akaniuliza. "Nina watoto watatu."

"Lakini mumeo alikuwepo, mwanangu. Nilimuuliza. Hakusema kitu."

"Angesemaje?" Sauti yake ilipanda, akairudisha chini. "Mlimkalisha macho kwa macho na mama yangu. Alirudi nyumbani hakula. Na njia ya zamani anaijua, alichunga huko tangu mtoto. Anaijua kuliko huyo Mzee Njiku."

"Basi niambie wewe. Ilipita wapi?"

Akatazama miguu yake. "Mimi siwezi kusema hilo," akasema, na sikumwelewa. Nilidhani anaogopa wenye ng'ombe.

Alipoondoka nilikaa na ile taarifa mezani, sentensi yangu ya wote wameafiki ikinitazama. Nilijisikia mjinga, na zaidi ya mjinga, nilijisikia mbaya. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu shamba kwa kupanga viti. Nikamwendea mkuu wangu kumwambia mkutano urudiwe. Alikasirika, taarifa ilikuwa imeshapanda juu. Nikamwambia aandike kwamba nimekosea mimi, jina langu alipigie mstari kabisa. Kama mnataka kudumu kwenye kazi hii, jifunzeni kusema sentensi hiyo mapema. Haipungui uchungu kwa kucheleweshwa.

Mkutano mkuu ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Nilikwenda kwanza kwa Mzee Njiku, nyumbani kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza kwa kurudia. Nikamwamkia, nikanywa maziwa yake yote bila kusaza, ndipo nikasema.

"Bibi Maendeleo," akanijibu, "unataka niwaambie ng'ombe wasubiri karatasi? Nimewachangisha watu, vigingi vimepigwa. Ukivichomoa leo, kesho fimbo zinarudi."

"Sitavichomoa mimi. Naomba kitu kimoja. Kesho kutwa saa ya kunywesha, niazime ng'ombe wako. Tutembee nao, kamati yote, kutoka barabarani mpaka lambo."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu. Ukirudi hujaridhika, njia ni hiyo hiyo ya vigingi."

Alinitazama kama mtu anayepima mbuzi mnadani, kisha akakubali. Nadhani alitaka kuona nitachoka lini.

Wazo la kutembea sikulitoa kwenye semina. Nililitoa kwa Mzee Rajabu na boneti lake. Watu wanaoelekea upande mmoja, wakiangalia kitu kingine, wanaongea. Na mwendo wenyewe unajua kupanga watu. Siku ile sikumshika mtu mkono wala kumwambia akae wapi. Ng'ombe walitangulia, Daudi akajikuta mbele nao kwa sababu ndiye aliyejua kuwaswaga. Wanaume wakafuata, wanawake nyuma, na nyuma kabisa Mama Naomi na fimbo yake, kanga kichwani. Kati yake na mkwewe palikuwa na watu thelathini na vumbi la kutosha. Nikaona nimeweza.

Na kweli Daudi alifunguka. Sikuamini ni mtu yule yule. Alionyesha kwa fimbo: pale kwenye miamba miwili tulikuwa tunapumzisha ndama. Hapa pana mchanga, ng'ombe wa kukokota mzigo hapapendi, tulizunguka hivi. Wazee wawili wakaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo, hata mimi nakumbuka. Mzee Njiku akawa anauliza maswali, maswali ya mtu anayetaka kujua. Tulikuwa tumeshaacha vigingi mbali mkono wa kushoto, na shamba la Daudi lote lilikuwa salama nyuma yetu. Lambo tulikuwa tunaliona.

Ndipo tukafika kwenye ukuta wa minyaa. Minyaa mirefu, ya miaka mingi, imefunga kabisa. Daudi akasimama. Ng'ombe wakasimama. Akainamisha kichwa, akaanza kuchora chini kwa fimbo.

"Halafu?" akauliza Mzee Njiku. "Hapa mlipita wapi?"

Daudi aliendelea kuchora chini. Wale wazee wawili nao wakagundua kuna kitu cha kutazama angani. Nikamuuliza mtendaji wa kijiji kwa sauti ya chini, hili shamba ni la nani? Akaninong'oneza: la Mama Naomi. Marehemu mumewe ndiye aliyeifunga njia kwa minyaa, lambo lilipokauka na hakuna aliyeihitaji tena. Shamba lake lililo zuri ni hilo.

Sasa nilimwelewa Naomi ofisini, na kutazama dari kwa mumewe. Nilikuwa nimedhani ni viti. Viti vilikuwa nusu tu ya jambo. Daudi angeokoa shamba lake kwa neno moja, na neno hilo lingechukua shamba la mama mkwe wake, mjane, mbele yake. Alichagua kulipoteza lake. Na mimi, kwa werevu wangu mpya wa kutembea, nilikuwa nimemleta mpaka mahali pale pale na kumsimamisha mbele ya kijiji kizima alitaje.

Mdomo wangu uliwasha. Nilikuwa na maneno mengi tayari: kwamba tupumzike, kwamba tuahirishe, kwamba labda kuna njia ya tatu. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaifunika. Sikuwa na uhakika hata kidogo kwamba ninafanya sawa, na nawaambia hivi ili msije mkadhani mkongwe huwa anajua. Niliogopa tu kwamba nikifungua mdomo nitaharibu zaidi. Ng'ombe mmoja akaanza kulia kwa kiu.

Nyuma kabisa sauti ya Mama Naomi ikasikika, akisema na jirani yake kwa Kinyaturu, lakini kwa nguvu ya kumfikia kila mtu. "Huyo aliye mbele mwulizeni, ng'ombe wamesimamia nini?"

Hakuna aliyeuliza. Daudi alizidi kuinama.

Mama Naomi akatoka kwenye mstari. Hakuja mbele, angempita mkwewe karibu. Alizunguka mbali, kule kwenye kona ya shamba, mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Njiani alimkuta mwanamke mwenye panga akaliomba bila kueleza. Tukamwona anaingia shambani kwake kwa upande wa nyumba, kisha hatukumwona tena, minyaa ilimficha. Tukasikia tu hatua zake kwenye mabua, zikaja mpaka upande wa pili wa ule ukuta, zikasimama mbele yetu.

"Baba Neema," akaita kutoka ndani. Neema ni binti mkubwa wa Daudi. Naomi, aliyekuwa karibu yangu, alishika kanga yake mdomoni. Baadaye aliniambia tangu aolewe hakuwahi kumsikia mama yake akimwita mumewe. "Ilikuwa hapa, au pale kwenye jiwe?"

Daudi hakuinua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Pale kwenye jiwe, mama," akasema.

Panga likaanza kufanya kazi. Maziwa ya minyaa yanapofua macho, wanawake wakampigia kelele ajifunike, wawili wakakimbia kuzunguka kumsaidia. Upande wetu Mzee Njiku akavua koti, akamnyang'anya mtu shoka, akaanza kukata kutoka nje. Hakuna niliyemwambia afanye lolote. Sikuandika hata mstari.

Msidhani mambo yaliishia vizuri kama ngano. Mama Naomi alipoteza upana wa hatua ishirini za ardhi yake nzuri. Kijiji kilimfidia kipande kingine, lakini kina mchanga, na ilibidi Mzee Njiku apeleke samadi kwa mikokoteni misimu miwili ndipo uwele ukakubali. Kuna waliosema nilimlazimisha mjane. Mkutano mkuu ulipitisha njia hiyo baada ya ubishi wa saa tatu, ubishi halisi, wa kusimama na kunyooshana vidole, na nilirudi nyumbani sauti imekauka ingawa sikuwa nimesema sana. Fimbo lakini hazikurudi, na Daudi analima shamba lake mpaka leo.

Ninyi mna vifaa ambavyo sisi hatukuwa navyo. Mna projekta, mna simu ya kupima mipaka, mna makundi ya kijiji kwenye simu ambako mkwe na mkwe wapo humo wote wawili na hakuna anayemwona mwenzake usoni. Vitumieni. Hata mimi nimo kwenye kundi moja, na nimeona watu ambao mkutanoni hawasemi kitu wakiandika humo barua ndefu. Lakini nimeona pia neno moja, sawa, limeandikwa na watu sitini, na kila mara nikiliona najiuliza wangapi kati ya hao wanatazama dari. Msiishie kwenye simu. Fuateni watu majumbani, kunyweni maziwa yao, na mkiwa na dereva msikivu mthaminini kuliko gari.

Binti yangu wa juzi aliniuliza niliwezaje kumshawishi yule mama. Sikumshawishi, na hilo ndilo nililotaka kumweleza uji ulipokuwa unapoa.

Siku ile ya minyaa, watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata Mama Naomi nyumbani kwake. Alikuwa anajisugua maziwa ya minyaa mikononi kwa majivu. Nilimwomba radhi kwa ile siku ya darasani, kwa kumkalisha vile. Akasema yameisha. Kisha nikamuuliza kilichokuwa kinanikereketa: kama alikuwa tayari kuitoa ile ardhi, kwa nini siku ile alikaa kimya na kuacha shamba la mwanawe liende? Niliuliza mara mbili nzima, nikamwambia. Niliuliza, nikangoja.

"Uliuliza nani anapinga," akanijibu, bado anasugua. "Nipinge nini? Lambo nalitaka, ng'ombe ninao wawili. Ungeuliza nani anaijua njia, ningenyoosha mkono. Mkono hata mbele ya mkwe unanyooshwa."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeendesha mikutano, na swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu hata mara moja.